Mtihani wa Mlangoni: Usaili wa Watoto katika Skuli Binafsi za Unguja na Kazi ya Mchungaji

Miongoni mwa mambo yanayoletwa kwa mchungaji siku hizi, hasa katika miezi ya mwisho ya mwaka, limo moja ambalo vitabu vyetu vya uchungaji havikulitaja. Mzazi huja ofisini, au husubiri mlangoni baada ya ibada, akiwa amemshika mtoto mkono. Hakuja kwa habari ya ndoa wala ya ugonjwa. Anaomba mambo mawili: barua ya kumtambulisha mtoto kwa skuli fulani, na sala ili mtoto apite katika usaili wa Jumamosi ijayo. Mtoto mwenyewe pengine hajatimiza miaka sita.

Katika makala hii twakusudia kueleza usaili huo ni kitu gani, umetoka wapi na hasa unapima nini. Kisha tutauliza jambo hili linalihusu vipi Kanisa ambalo nalo lina skuli zake na malango yake. Tumechagua kisiwa cha Unguja kwa sababu mbili. Mji ni mdogo, na mambo ambayo katika Dar es Salaam hupotea katika wingi wa watu, hapa huonekana waziwazi. Tena Wakristo wa Unguja ni wachache, wengi wao wakiwa watumishi wa serikali, askari na wafanyakazi wa hoteli waliotoka Bara, kwa hiyo hatuwezi kulijadili jambo hili kana kwamba ni letu peke yetu. Jirani Mwislamu wa Mji Mkongwe, wa Fuoni au wa Mwanakwerekwe anasumbuliwa nalo vilevile. Msomaji aliyeko Moshi, Iringa au Bukoba atatambua mwenyewe ni yapi yanamhusu. Nasi tutasema skuli, si shule, kama wasemavyo wenyeji.

Usaili wenyewe

Utaratibu hautofautiani sana kati ya skuli na skuli. Mzazi hununua fomu, na fedha yake hairudishwi hata mtoto akikataliwa. Hujaza jina na umri wa mtoto, kazi ya baba na ya mama, skuli ya maandalizi aliyosoma, na mahali pengine huulizwa lugha inayosemwa nyumbani. Siku iliyopangwa mtoto huletwa asubuhi, huachana na mzazi wake getini, kisha huketishwa pamoja na watoto asiowajua mbele ya mwalimu asiyemjua. Anayeomba darasa la kwanza hutakiwa kutaja rangi, siku za wiki na viungo vya mwili kwa Kiingereza, kuandika herufi na namba, na kujibu maswali mepesi juu yake mwenyewe. Anayeomba kidato cha kwanza hupewa karatasi ya Hisabati na ya Kiingereza, na penginepo ya Sayansi. Baada ya siku chache majina ya waliopita hubandikwa ubaoni au hutumwa kwa simu. Asiyepita haelezwi alikosea wapi. Hilo la mwisho tunamwomba msomaji alishike, maana tutalirudia.

Asubuhi hiyo moja huandaliwa kwa muda mrefu. Mzazi mwenye uwezo humtia mtoto katika skuli ya maandalizi inayofundisha kwa Kiingereza angali na miaka mitatu. Baadaye huongeza mwalimu wa tuisheni wa jioni. Bara kuna kozi za kujiandaa na kidato cha kwanza, ambazo huanza karibu mara tu mtihani wa darasa la saba unapokwisha, na mtoto aliyetazamia kupumzika hujikuta darasani tena. Wapo pia wazazi wa Unguja wanaotaka skuli za dakhalia za Bara. Hao huvuka na watoto kwa boti mpaka Dar es Salaam kwa ajili ya karatasi ya saa mbili, wakarudi na boti ya jioni. Huko hukutana na tatizo jingine. Kwa Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 elimu ya msingi Visiwani ni ya miaka sita, ilhali Bara mtoto amekuwa akimaliza kwa miaka saba. Hivyo mtoto wa Unguja hupimwa kwa karatasi iliyotungwa kwa ajili ya mwenziwe aliyekaa darasani mwaka mmoja zaidi. Tofauti hiyo inatazamiwa kwisha, kwa kuwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya Bara, toleo la 2023, nayo inaelekea kwenye miaka sita. Lakini wapo watoto waliokwisha kuitwa wazito wa akili kwa sababu ya hesabu za darasa ambalo hawakulifikia.

Ulitoka wapi

Kabla ya Mapinduzi ya 1964 elimu ya Unguja iligawanyika sana kwa jumuiya na kwa dini. Zilikuwako skuli za serikali, za misheni, na za jumuiya mbalimbali za Wahindi, na mtoto aliingia mlango aliozaliwa karibu nao. Tarehe 23 Septemba 1964 Sheikh Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo kwa watoto wote, na siku hiyo huadhimishwa hata leo. Skuli zilitwaliwa na serikali, na nyingine zikabadilishwa majina. Ile ya King George VI, kwa mfano, ikawa Lumumba. Kwa karibu miaka thelathini hapakuwa na mlango wa kununua. Mlango huo ulifunguliwa tena kwa marekebisho ya mwaka 1993 ya Sheria ya Elimu ya 1982, yaliyoruhusu watu na taasisi binafsi kuanzisha skuli.

Hata hivyo tusiseme kwamba watu binafsi ndio walioleta mchujo. Mchujo ulikuwako ndani ya skuli za serikali zenyewe, kwa kuwa nafasi za sekondari zilikuwa chache kuliko watoto. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea, alilaumu jinsi skuli ya msingi ilivyogeuzwa kuwa maandalizi ya mtihani wa kuingilia sekondari, hali walio wengi hawangeingia huko kamwe. Alitaka elimu ya msingi iwe elimu iliyokamilika kwa nafsi yake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 nalo lilijaribu kupunguza nguvu ya mtihani katika kuingia Chuo Kikuu, kwa kutaka uzoefu wa kazi na ushuhuda wa tabia njema. Nia ilikuwa njema, utekelezaji ukawa mgumu. Na Zanzibar ya leo, mbali na skuli binafsi, wanaofanya vizuri zaidi katika mtihani wa mwisho wa elimu ya msingi huchaguliwa kwenda katika madarasa ya vipawa na ya michepuo. Kwa hiyo mtoto wa skuli ya serikali naye anajua mapema kwamba ziko njia mbili, na kwamba moja husifiwa.

Lililowasha moto zaidi ni matokeo ya kidato cha nne. Mtihani huo hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania kwa pande zote mbili za Muungano. Matokeo ya mtihani wa 2012, yaliyotangazwa mapema mwaka 2013, yalionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Wazazi waliogopa, nao walikuwa na sababu. Kila mwaka Baraza lilitangaza pia skuli kumi za kwanza na kumi za mwisho. Katika zile za mwisho ziliwahi kutajwa skuli za Zanzibar, na katika zile za kwanza zilijaa skuli binafsi na seminari. Mzazi wa Bububu aliyesikiliza redio alijifunza somo moja: mwanangu aokolewe kwa kutolewa hapa. Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza orodha hizo, na viongozi wake wakaeleza kwamba zilikuwa kama tangazo la biashara kwa baadhi ya skuli. Lakini mabango ya skuli yenye picha za waliofaulu hayakuondolewa barabarani.

Unapima nini

Hapa ndipo wengi wetu hatujatulia tukafikiri. Tuseme skuli moja ina nafasi arobaini, na watoto mia tatu wameomba. Skuli inachagua arobaini ambao tayari wanasoma, wanahesabu na kusema Kiingereza. Miaka kadhaa baadaye arobaini hao wanafanya mtihani wa taifa na kufaulu vizuri. Watu wanasema walimu wa skuli ile ni hodari. Yumkini ni hodari kweli. Lakini matokeo yale hayawezi kutuambia hivyo, kwa sababu sehemu kubwa yake ilikwisha kuamuliwa getini. Mwaka unaofuata waombaji wanakuwa mia tano, skuli inachagua kwa ukali zaidi, na sifa inakua. Mwalimu wa skuli ya serikali ya Makunduchi anayempokea kila mtoto aliyeletwa, naye akamtoa asiyejua kusoma mpaka akajua kusoma, hatajwi na mtu. Tena Bara zimekuwako skuli zilizoendeleza mchujo hata baada ya mlango: mtoto asiyefikia wastani uliowekwa na skuli alitakiwa kurudia darasa au kuhama kabla ya mtihani wa taifa, ili asiharibu hesabu. Wizara ya Elimu imewahi kulipiga marufuku jambo hilo.

Lugha nayo ni jambo zito. Katika skuli za serikali Zanzibar mtoto husoma kwa Kiswahili, na kwa Sera ya 2006 Hisabati na Sayansi huanza kufundishwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Usaili wa skuli binafsi kwa kawaida hufanywa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mtoto anayejua kuwa kumi ukitoa nne ni sita, lakini hajui maneno ya Kiingereza yanayouliza hivyo, huandikiwa kosa la hesabu. Ni ajabu kuona haya yakitokea katika Mji Mkongwe. Katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ni Kiunguja, lugha ya mji huu, kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, ambacho leo hutumika katika skuli, mahakama na makanisa ya Afrika Mashariki. Mtoto aliyeinyonya lugha hiyo kwa mama yake huambiwa kwenye geti la mtaa wake kwamba hana lugha.

Umri nao hausemwi sana. Watoto wanaoombewa darasa la kwanza kwa mwaka mmoja wanaweza kupishana karibu miezi kumi na miwili, aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba. Kwa mtu mzima mwaka ni kitu kidogo. Kwa mtoto wa miaka sita ni sehemu ya sita ya maisha yake yote, na katika muda huo mkono hujifunza kushika kalamu na ulimi hujifunza kuzungumza na mgeni. Mdogo aliyenyamaza mbele ya msaili hana upungufu; ni mdogo tu. Mtu yeyote aliyewahi kufundisha Shule ya Jumapili anajua kwamba mtoto anayelia Jumapili ya kwanza ndiye pengine anayeongoza wimbo Jumapili ya kumi. Uwezo wa mtoto wa umri huo hubadilika upesi mno, na asubuhi moja si kipimo cha kutegemewa.

Basi tukiulizwa usaili huu unapima nini, tutajibu kwamba kwa sehemu kubwa unapima alichopewa mtoto kabla ya kufika: lugha ya nyumbani, skuli ya maandalizi, tuisheni, usingizi wa jana, na mwezi wa kuzaliwa. Skuli haimpimi kwa yale itakayompa, bali kwa yale ambayo wengine wamekwisha kumpa.

Mzigo wa siku

Tuitazame siku ya mtoto wa Unguja. Skuli nyingi za serikali huendeshwa kwa mikondo miwili, wengine asubuhi na wengine mchana. Mtoto wa Kiislamu, akitoka skuli, huenda chuoni kusoma Kurani. Akitoka chuoni, siku hizi, huenda tuisheni. Mtoto wa usharika wetu hana chuo, lakini ana tuisheni za siku za juma na ya Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ambayo sharika nyingi zimeweka mafundisho ya kipaimara. Wachungaji wenzetu hulalamika kwamba watoto hawaji. Wazazi hulalamika kwamba mchungaji haelewi. Tumewahi kuwa na mwanafunzi wa kipaimara ambaye kila alipoulizwa swali la Katekisimu aliuliza kwanza kama swali hilo lina maksi. Hakuwa mtundu. Aliuliza kwa unyofu, kwa kuwa hakuwahi kukutana na mtu mzima aliyemwuliza swali kwa nia nyingine.

Kuhusu chuo cha Kurani twapenda kuongeza neno, maana sisi Wakristo hukitazama kwa mbali. Kwa desturi ya pwani mtoto huletwa na mzazi, naye mwalimu humpokea. Hapimwi mlangoni. Kila mmoja huanzia herufi za kwanza na kwenda kwa mwendo wake, na wakubwa waliotangulia huwasomesha wadogo. Mapungufu yake yapo, na Waislamu wenyewe huyajadili. Fimbo ni mojawapo. Lakini hapo pana skuli ya kale, katika mtaa uleule wenye geti la usaili, inayoendeshwa bila wazo la kwamba mtoto yuko asiyestahili kuanza.

Waliopokelewa bila kupimwa

Kanisa lina kumbukumbu yake katika kisiwa hikihiki. Askofu Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu alipofika Unguja mwaka 1864 alikabidhiwa na Sultani Majid wavulana watano waliokuwa wamenaswa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa skuli ambayo baadaye ilikaa Kiungani. Hapakuwa na mtu wa kuwasaili. Hawakuwa na wazazi wa kujaza fomu, na lugha yao hata waliowapokea hawakuijua. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, naye mtumwa aliyekombolewa akasomeshwa Kiungani, aliwekewa mikono kuwa kasisi mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika katika misheni ile, akahudumu Chitangali kwa Wayao. Tukijiuliza ni usaili gani wa leo ambao wavulana wale wangeupita, jibu ni kwamba hakuna.

Lakini tusiwasifu wamisionari kupita kiasi. Ndani ya skuli zao walichuja. Walioonekana wepesi wa kusoma waliandaliwa kwa ualimu na utumishi wa Kanisa, na wengine, Mbweni na kwingineko, walielekezwa kwenye kazi za mikono, pasipo kuulizwa sana wanataka nini. Tofauti ni kwamba walichuja baada ya kupokea, na yule aliyeelekezwa shambani alibaki kuwa mtoto wa nyumba ileile.

Tofauti hiyo ndiyo twapenda wasomaji wetu waishike. Kuna mtihani unaouliza, mtoto huyu tumwanzishe wapi? Na kuna mtihani unaouliza, mtoto huyu tumzuie au tusimzuie? Karatasi inaweza kuwa ileile, lakini kazi yake ni tofauti kabisa. Wa kwanza ni sehemu ya mafundisho. Aliyekosea huelezwa alikosea wapi, kwa sababu yupo mtu atakayemfundisha kesho. Wa pili hauhitaji kumweleza kitu, na ndiyo maana, kama tulivyosema mwanzoni, asiyepita haelezwi.

Wanamatengenezo waliujua mtihani wa kwanza. Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwataka waanzishe skuli kwa fedha za mji, kwa wavulana na kwa wasichana. Mwaka 1530 akawaandikia wahubiri juu ya kuwaweka watoto skulini, akiwakemea wazazi waliotazama mapato tu. Melanchthon, katika Maagizo kwa Wakaguzi ya mwaka 1528, aliagiza watoto wagawanywe katika makundi matatu: wanaoanza kusoma, wanaosoma na kuanza sarufi, na waliokwisha kuimudu sarufi. Hayo ni makundi ya watoto waliokwisha kuingia. Si kwamba watu wa Wittenberg walikuwa na hekima katika kila jambo: maagizo hayohayo yalitaka watoto wafundishwe kwa Kilatini tu, si kwa Kijerumani, ati wasilemewe na lugha nyingi. Msomaji wa Unguja anaweza kutabasamu.

Sheria za siku hizi nazo zimeitambua tofauti hii. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza mtihani wa kumpokea mtoto katika skuli ya umma, isipokuwa ule wa kumpangia darasa linalomfaa. India ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya haki ya elimu ya mwaka 2009 inakataza kuwasaili mtoto na wazazi wake hata katika skuli binafsi, na kuzitaka skuli binafsi zitenge angalau robo ya nafasi za darasa la kwanza kwa watoto wa familia dhaifu. Utekelezaji una matatizo yake, lakini haiwezekani tena kusema kwamba skuli bila usaili ni ndoto.

Injili tunayoisoma kwenye ubatizo

Sisi Walutheri tuna sababu yetu wenyewe ya kulichunguza jambo hili. Luther alipoandaa Kijitabu cha Ubatizo kwa Kijerumani, mwaka 1523 na tena 1526, alikiweka ndani yake kisa cha Marko 10:13-16, nasi tunaendelea kukisoma tunapobatiza watoto. Tumezoea kuhubiri juu ya Yesu aliyewakumbatia watoto. Yafaa tuwatazame pia wanafunzi. Hawakuwachukia watoto. Walikuwa wakilinda muda wa Mwalimu, kwa kuwa watu walikuwa wengi na yeye ni mmoja. Walikuwa, kwa maneno ya leo, na tatizo la nafasi. Nao ndio aliowakasirikia.

Kitenzi kilichotumika katika mstari wa 14, koluo kwa Kiyunani, maana yake ni kuzuia. Wataalamu kama Oscar Cullmann na Joachim Jeremias wameonyesha kwamba kitenzi hichohicho hutokea pale watu wanapotaka ubatizo: towashi wa Kushi anauliza ni nini kinachomzuia (Mdo. 8:36), na Petro nyumbani kwa Kornelio anauliza nani awezaye kuzuia maji (Mdo. 10:47). Wao walihisi hapo mwangwi wa swali lililoulizwa katika ubatizo wa Kanisa la kwanza. Wengine hawakukubali kwamba ushahidi unatosha, nasi hatuna haja ya kuamua hapa. Inatosha kwamba katika visa vyote vitatu mzigo wa kujieleza hauko juu ya anayekuja. Uko juu ya anayezuia.

Hatusemi kwamba skuli ni ubatizo. Skuli ni jambo la utawala wa dunia, kama Luther mwenyewe alivyofundisha, nayo ina haki ya kutumia akili, hesabu na bajeti. Ila mtu yuleyule aliyesoma Marko 10 Jumapili juu ya maji, Jumatatu anaketi kama mwenyekiti wa bodi ya skuli ya dayosisi na kuweka sahihi juu ya orodha ya waliopita. Hatuwezi kumwambia mtoto kwamba amepokelewa kabla ya kutenda lolote, kisha taasisi yenye msalaba juu ya lango lake imfundishe kinyume akiwa na miaka sita, naye akalielewa somo la pili vizuri zaidi kwa sababu lilimgusa mwenyewe.

Kwa mchungaji na kwa bodi

Mwalimu mkuu mmoja mwenye busara alitujibu hivi: madawati ni arobaini, je, mia mbili sitini niwaketishe wapi? Swali ni la haki, na asiyeendesha skuli asilijibu kwa wepesi. Nafasi zikiwa chache, wengi watarudi nyumbani kwa njia yoyote itakayotumika. Lakini haifuati kwamba njia zote ni sawa. Skuli inaweza kupokea kwa zamu ya kufika, kwa ukaribu wa makazi, kwa kuwa na ndugu humo, au kwa kura, ambayo Kanisa haliwezi kuiona ngeni likikumbuka Matendo 1:26. Mtoto aliyekosa kwa kura anajua kwamba nafasi hazikutosha. Aliyekosa kwa usaili anaamini kwamba yeye ndiye hakutosha. Kwa kidato cha kwanza hoja ya kupima ina nguvu zaidi, nasi hatuipingi kabisa. Twataka tu karatasi iwe katika lugha aliyosomea mtoto, izingatie mtaala wa Visiwani, na irudishwe kwa mzazi ikiwa imesahihishwa.

Kuhusu barua, mchungaji aandike anachokijua: kwamba mtoto huyu amebatizwa na wazazi wake ni washarika. Asiandike juu ya akili ya mtoto, na asiitumie barua kumsukumia mtoto wa mzee wa kanisa mbele ya mtoto wa mlinzi. Kuhusu sala, hakuna sababu ya kumnyima mzazi. Tunaweza kuomba kwa ajili ya utulivu wa mtoto na hekima ya msaili. Kuomba apite, wakati wa nyuma yake katika foleni naye anaombewa na imamu wake, ni jambo linalohitaji kufikiriwa zaidi kuliko tunavyofikiri tukiwa na haraka. Na mchungaji aulize siku ya matokeo ni lini. Wengi husali kabla ya usaili; wachache hupita nyumbani baada yake, wakati mzazi ana aibu na mtoto hajui kama bado anaruhusiwa kucheza.

Wajumbe wa bodi za skuli zetu wanaweza kuanza na hesabu. Waombe waonyeshwe fedha za fomu zilizolipwa na waliokataliwa mwaka jana ni kiasi gani na zimetumika kwa nini. Katika mahali ambapo zimekuwa sehemu ya kawaida ya mapato, skuli inafaidika kwa kukataa, na bodi yapaswa kulijua hilo kabla haijazungumza juu ya ubora. Nao walimu wa kipaimara wa Unguja wajaribu kuyahamishia mafundisho Jumapili, mara baada ya ibada, pamoja na chakula, na kufuta maksi kabisa, wakibakiza maswali na majibu ya Katekisimu kama Luther alivyoyatunga kwa ajili ya nyumba.